Ubishi wa Tromboni Nyuma ya Ukumbi

Enzi zetu pale Ngamiani, Tanga, mtoto asiyekuwa na mpiga tromboni wake alikuwa hana la kusema mbele za watu. Najua wajukuu zangu wakisoma hapa watacheka. Wao hubishana kuhusu wachezaji wa mpira wa Ulaya ambao hawajawahi hata kuwasikia wakipiga chafya. Sisi wetu tuliwaona kwa macho: tuliwaona wakinunua muhogo wa kukaanga, wakigombana na wake zao, wakikimbilia kazini asubuhi na kipande cha mkate mdomoni. Wewe uliyekulia kule miaka ya bendi za jazi unajua ninachosema, kama bado upo. Siku hizi nikianza kuwahesabu tuliobaki, vidole vinanizidi.

Mtu atauliza, kwa nini tromboni na si gitaa? Sababu ni nguzo. Nyuma ya ukumbi wa dansi palikuwa na ukuta wa matofali yenye matundu, na Jumapili mchana, lile dansi tuliloliita bugi likianza, sisi watoto tusioruhusiwa kuingia tulikuwa tunapanda juu ya kreti za soda na kuchungulia. Sasa mbele ya matundu yetu ilisimama nguzo nene iliyoficha jukwaa lote. Mwimbaji hatukumwona, wapiga gitaa hatukuwaona. Kitu pekee kilichojitokeza pembeni ya nguzo ni lile bomba la tromboni linalovutwa: linatoka, linarudi, linatoka tena mpaka unadhani litachomoka liwaangukie wachezaji. Na mkono ulioshika bomba. Basi tukawajua wapiga tromboni wa mji mzima kwa mikono yao.

Matano alivuta taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto mchanga. Salumu Dege yeye alirusha. Bomba lilitoka kwa kishindo na sauti ikaja baadaye. Kassimu, mkubwa wetu, alikuwa mtu wa Dege, usimwambie kitu. Dada yake Mwanasha alikuwa wa Matano. Huyu Mwanasha ndiye aliyekuwa rafiki yangu wa chanda na pete. Ni Wadigo, nyumba yao na yetu zilitengwa na kichochoro kimoja tu, na mama yake akipika wali wa nazi sisi tulijua kabla baba yake hajajua.

Na mimi je? Mimi nilikuwa na taabu yangu peke yangu. Mpiga tromboni wa tatu alikuwa baba yangu.

Baba aliitwa Yona. Alikuwa Mshambaa wa milimani, aliyejifunza tromboni utotoni kwenye kundi la matarumbeta la kanisa la Kilutheri huko kwao. Alishuka Tanga kutafuta kazi, akaipata kwenye karakana ya reli, na jioni akawa mtu wa bendi. Jumapili asubuhi alipiga tenzi kanisani, mchana akapiga rumba ukumbini, kwa tromboni ileile na shati lilelile. Mama alikuwa akimwambia, "Yona, Mungu kakupa pumzi moja, na wewe umeifungulia nyumba ndogo." Baba alicheka tu, akachukua kitambaa akaanza kufuta tromboni yake.

Utadhani basi nilikuwa na nafasi ya kujidai. Wapi! Ubishi wetu ulikuwa na sheria, na sheria yenyewe aliileta Kassimu: ni mwiko mtu kumtaja wa kwao. Ukijaribu tu, mmoja anapiga kelele, "Mwamba ngoma!" na kundi zima linaitikia, "Huvutia kwake!" Hapo hoja yako imekufa na kuzikwa. Kwa hiyo ili baba yangu aingie kwenye ubishi, ilibidi atajwe na mtu baki. Mimi kazi yangu ilikuwa kungoja.

Tulikuwa tunabishana kwenye kibaraza cha kina Mwanasha, bugi likiisha. Tunamenya machungwa ya Muheza, maji yanachuruzika mpaka kwenye viwiko, nzi wanatufuata. Haikutosha kusema fulani ni mkali. Ulitakiwa umpige kwa mdomo: mashavu unayajaza upepo, midomo inatetemeka, mkono unakwenda na kurudi, mpaka waliokaa wakubali kwamba huyu kweli ni Matano, au huyu ni Dege. Siku moja Kassimu alimrusha Dege kwa nguvu, kiganja kikaenda kutua kwenye sinia la vitumbua la mama mmoja aliyekuwa anapita. Tulikimbia mpaka kwenye reli. Jioni kila mmoja alichapwa kwao, na mama yangu akiwa na fimbo mkononi aliuliza, "Na huyo Dege wenu yuko wapi saa hizi, aje akutetee?"

Wale waliokaa pale wote walimsikia baba yangu akipiga. Kila Jumapili nilimtazama Mwanasha usoni, nikisema moyoni, leo atamtaja. Alikuwa anajua. Namna alivyonitazama na kuhamisha macho, alikuwa anajua kabisa. Kisha alijaza mashavu na kuanza, "Matano bwana, Matano..." na roho yangu ikashuka.

Mambo yakaja kuharibika kabisa kwa sababu ya mafuta ya nazi. Tromboni isipopakwa mafuta bomba halitelezi, na baba alitumia ya nazi, yale ya mama ya kuchemsha nyumbani. Sufuria likiepuliwa, kijiko cha kwanza kilikuwa cha tromboni, ndipo vichwa vyetu vifuate. Kwa joto la Tanga mafuta yale hayakuwa na tabu. Halafu mwaka mmoja, mwezi wa saba, bendi ikaalikwa kupiga Lushoto. Baba alikwenda kwa furaha kubwa; anakwenda kupiga kwao, mbele ya wazee wake na waliomfundisha. Alipaka mafuta mengi kuliko siku zote. Taa zikawashwa, wimbo ukaanza, zamu ya tromboni ikafika, baba akavuta. Bomba likagoma. Mafuta yalikuwa yameganda kwa baridi.

Mpiga ngoma wa bendi alivyosimulia waliporudi, baba alitoka nje mbio akaenda kuipasha tromboni kwenye jiko la mama muuza mahindi ya kuchoma, na aliporudi wimbo ulikuwa umeisha. Washambaa wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwenyeji wa milimani kasahau baridi ya kwao! Wakamwambia, "Pwani imekuchukua wewe na mafuta yako."

Ngamiani haikuwa na siri. Kufikia Jumanne baba alikuwa na jina jipya, Yona Mgando. Kwenye kibaraza, mtu akichelewa kujibu hoja, wote tulipiga kelele, "Mafuta yameganda!" Nami nilipiga kelele pamoja nao, kisha nikaingia chooni nikalia. Baba mwenyewe hakuona haya hata kidogo. Alitupita pale siku moja akitoka kazini, akasikia watoto wakiimba jina lake, akasimama. Akasema, "Mafuta ndiyo yaliyoganda. Mimi sikuganda." Akaenda zake akipiga mluzi.

Lakini tangu siku hiyo nilijua baba yangu hatatajwa tena. Nani angeanza kumtetea mtu wa namna hiyo?

Miaka ikaenda. Kanda za kaseti zikaja, bendi zikafa moja moja, na ule ukumbi siku hizi wanauza vigae na masinki. Niliwahi kuingia kuulizia bei ya bomba, nikaikuta ile nguzo bado imesimama, imebandikwa tangazo la rangi ya nyumba. Nilikaa pale nikiitazama mpaka kijana wa duka akaniuliza kama najisikia vibaya. Baba alipofariki, matarumbeta ya kanisa yalishuka kutoka milimani yakampigia vizuri sana. Waliosimama kumzungumzia walisema alikuwa mtu wa kweli na hakuwahi kuchelewa kazini. Kuhusu mkono wake hakuna aliyesema neno. Kassimu naye alihamia upande wa pili wa mpaka wa Horohoro, akafia Mombasa, na habari zake nilizipata baada ya arobaini.

Nyumba yetu nimebaki nayo mwenyewe. Watoto wapo Dar, hupiga simu, wanauliza kama nimekula. Mjukuu wangu alikuja likizo, masikio yameshindiliwa vidude vya muziki tangu alfajiri. Ukimwita mara tatu ndio anatoa kimoja, tena kwa huruma. Nikamsimulia ubishi wetu. Akaniuliza, "Bibi, tromboni ndiyo nini?" Kabla sijajibu akawa ameshaibonyeza simu, akanionyesha picha za Wamarekani waliovaa tai, akanisomea nani wa kwanza duniani, nani wa pili. Nikamuuliza, "Nani amebishana nayo hiyo simu?" Akanishangaa. "Haibishiwi, bibi. Imeshaandikwa." Akarudisha kile kidude sikioni. Nilijisikia mpweke siku ile kuliko ninapokuwa peke yangu.

Baada ya Idi nikafunga safari kwenda Kigombe, alikoolewa Mwanasha. Yeye ndiye aliyebaki katika watu wa kibaraza kile, na tulikuwa hatujaonana muda mrefu, magoti yangu na macho yake yakiwa ndiyo kisingizio. Mkwewe alinipokea mlangoni, akaninong'oneza, "Mama siku hizi akili inakwenda na kurudi. Usishangae." Nikamwambia sishangai.

Nilimkuta uani amekaa kwenye mkeka, kanga mbili, mikono ileile myembamba. Alinitazama kwa adabu sana. Kisha rafiki yangu, tuliyeota meno pamoja, akainamisha kichwa akasema, "Shikamoo, bibi."

Ungefanya nini? Nilisema, "Marahaba, mwanangu." Nikakaa.

Nilimletea machungwa. Nikaanza kumenya, na harufu ile ilipopanda nikaona macho yake yanachangamka. Nikasema tu, kama mtu anayejisemea, "Ati nasikia nyie watoto wa Ngamiani mnajua mambo ya tromboni."

"Twajua," alisema.

"Basi niambie. Nani mkali wao?"

Hakufikiri hata kidogo. "Yona," alisema. "Yule Mshambaa. Hao wengine walikuwa wapiga kelele."

Kisu kilinitoka mkononi. Nikamuuliza, "Mbona nasikia wewe ni mtu wa Matano?"

Akacheka, akatazama mlangoni kama anayeogopa kusikiwa. "Hiyo ni ya kibarazani, bibi. Yona ana binti, Eliza, ni shoga yangu. Yuangoja nimtaje babake. Namwona vile angoja. Lakini nikimtaja ubishi utakwisha. Kassimu mwenyewe ajua, hana la kujibu. Na ubishi ukisha, kila mtu aenda kwao." Akachukua kipande cha chungwa. "Mie sitaki Eliza aende kwao."

Maisha yangu yote nilikuwa nimelingoja jina lile litoke kwenye mdomo wa mtu mwingine. Sasa limetoka, na mimi nilitakiwa nifurahi, nimshukuru, nifute machozi niage. Lakini jua lilikuwa bado juu, na nyumbani Tanga hakuna anayenisubiri. Nikaokota kisu.

"Yona!" nikasema kwa dharau. "Si ndiye aliyegandiwa na mafuta Lushoto? Mpiga tromboni gani huyo? Matano ndiye mwenyewe."

Mwanasha aliruka kidogo pale mkekani. "Mafuta ndiyo yaliyoganda!" alinipigia kelele. "Yeye hakuganda!" Akajaza mashavu upepo, midomo ikatetemeka, mkono ukatoka, si kwa utaratibu wa Matano wala kishindo cha Dege, ukarudi, ukatoka tena. Alikuwa ni baba, pale nyuma ya nguzo. Mkwewe alikuja kuchungulia. Mimi nikajaza mashavu yangu, nikampiga Matano kwa nguvu zote, vibaya makusudi, tukabishana vile mpaka machungwa yakaisha.

Enzi zetu kulikuwa na watu kumi kwenye kibaraza na hakuna aliyekubali ameshindwa. Vijana wa leo wameshamalizana na kila kitu, majibu yamo mfukoni, na kila mmoja amekwenda kwao akiwa amekaa palepale. Nilipoaga, Mwanasha alinishika mkono akaniambia nikimwona Eliza nimwambie aje. Nikaitikia. Nilisimama barabarani nikiwa na habari kubwa kuliko zote nilizowahi kuzipata, kwamba baba yangu ametajwa, na mtu mmoja tu duniani wa kumpelekea habari ile. Naye nilikuwa nimemwacha mkekani, ananingoja.