Aliyenifuata Ruaha Mdogo

Sikuota wala sikulewa. Tulikuwa watu wa kanisa, pombe haikuwapo. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na ukitaka kucheka, cheka sasa, maana huko mbele hutaweza.

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa karani Iringa. Wiki ya Pasaka nikaletewa habari kutoka nyumbani Rungwe: baba mgonjwa, anakuita. Nikasema nitaondoka Jumanne. Kwa nini nisiende siku ile ile? Kwa sababu Jumatatu makarani wenzangu walikuwa wamekodi lori twende mandari mtoni, Ruaha Mdogo, pamoja na wake zetu. Naona aibu kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tulitandika mikeka kivulini. Wengine wanavua samaki, wengine wanapiga gramafoni. Mimi sikutulia. Nakaa, nainuka, natazama njia. Mara nikasikia kikohozi nyuma ya matete, mara mbili. Mke wangu Tumpe akaruka pembeni, akachuchumaa na kujifunika kanga kichwa kizima.

Lazima nikueleze. Kwetu Unyakyusa mke haonani na baba mkwe. Baba akikaribia nyumba yangu alikuwa akikohoa mara mbili, mkwewe apate kujificha. Na ikitokea wameonana uso kwa uso, mzee hugeuka akaenda zake bila neno.

"Inuka bwana, wenzangu wanatucheka," nikamwambia.

"Baba Ipyana," akaniita kwa jina la mtoto wetu, "ni baba huyo. Niache."

"Baba yuko Rungwe, kitandani!"

Na kweli walikuwa wanacheka. Hasira zikanipanda, nikaivuta ile kanga ikamtoka. Papo hapo mzee akatokeza njiani na koti lake jeusi, hatua kumi tu kutoka niliposimama. Alikuwa baba. Niamini! Alinitazama, akafungua kinywa aniambie neno, kisha macho yake yakaangukia uso wa Tumpe uliokuwa wazi. Akafumba kinywa. Akageuka, akaingia kwenye matete. Nilimkimbilia nikiita, nikakuta mchanga na maji tu. Wenzangu waliapa kwamba hawakuona mtu.

Tulipofika Rungwe tulikuta kaburi bichi. Mama akanivuta kando.

"Jumatatu mchana alizinduka," akaniambia. "Akasema, nimefika kwake, lakini sikuweza kusema naye. Basi, akakata roho. Mwanangu, ulimfanyia nini?"

Mama naye amekufa bila kujibiwa. Tumpe hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Baba alitaka kuniambia nini? Habari ya shamba? Alitaka kunipa radhi, au kunilaani? Mpaka leo naamka usiku nikijiuliza, nazunguka uani mpaka miguu inauma.

Sasa wewe unayenisikiliza, kama kuna mzee wako amekuita, acha kunisikiliza. Nenda kamsikilize yeye.