Nyundo Aliyoichagua Mama kwa Simu

Bisibisi ya kwanza niliyomnunulia mama ilipinda kwenye skrubu ya kwanza. Haikuvunjika. Ilijikunja taratibu, kama mshumaa uliosahauliwa juani, nami nikaendelea kuizungusha nikidhani kinachozunguka ni skrubu. Mama alikuwa ameketi mkekani nyuma yangu, amejitanda nguo zake nyeupe. Akaitazama bisibisi, akanitazama mimi, akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu tumzike baba, miezi miwili nyuma.

"Hiyo umenunua duka la vyuma au duka la halua?" akauliza.

Mama alikuwa eda. Kwetu Jomvu Kuu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, na mwanamume yeyote ambaye si wa damu yake ya karibu haingii. Watu wengine siku hizi hulegeza. Mama hakulegeza hata kidogo. Wanafunzi wa baba, mafundi wazima wenye ndevu, walipotuma salamu kwamba watakuja kututengenezea mlango, alinijibisha: waambie Mungu awalipe, na wasije.

Mlango wenyewe ulikuwa aibu ya nyumba. Baba alikuwa seremala, na kwa miaka alitengeneza milango ya watu kutoka Mikindani hadi Kisauni, lakini wa kwake ulikuwa ukiburura sakafuni. Bawaba ya juu ilikuwa imelegea kwa sababu mbao nyuma yake ilioza, basi mlango ukainama, ukachora upinde mweupe kwenye sakafu. Kila akikumbushwa alisema Ijumaa ijayo. Zamani haikutudhuru, maana yeye mwenyewe alilala chumba cha mbele na kukoroma kwake kulitosha kufukuza mwizi. Sasa usiku mama aliufunga mlango kwa kamba na kuuegemeza pipa la maji.

Mjomba, kakake mama, alikuja siku ya arubaini kutoka Shika Adabu. Ilibidi auinue mlango kwa bega ndipo aingie. Alipangusa vumbi la mbao kwenye kanzu yake, akasema bila ukali, "Nyumba yenye mlango kama huu si ya kukaa mwanamke peke yake. Eda ikisha, nakuja na gari nakuchukua. Chumba kipo."

"Inshallah, kaka," mama akajibu.

Nyumbani kwetu hiyo ni njia ya kukataa, lakini mjomba hakuwahi kukaa nasi muda wa kutosha kulijua hilo. Alipoondoka mama aliniambia, "Nyumba hii niliingia bibi arusi. Shika Adabu nitakuwa mgeni wa watoto wa mtu. Ututengenezee mlango huu, mwanangu, kabla hajaja na hilo gari lake."

Mimi nimepanga chumba Chaani, na kazi yangu ni kuandika. Sikujua kutengeneza chochote. Na vifaa vya baba havikuwapo tena. Siku ya saba ya msiba, watu wakiwa bado wamejaa ukumbini, mama alisema viende kwa wanafunzi wake, viwe sadaka, na sote tukaafiki. Alisema hivyo kwa uchungu, upesi, kama mtu anayetupa kaa lililomuunguza mkononi. Baadaye nilimwona mara mbili akisimama mbele ya pembe ya chumba lilipokuwa sanduku la vifaa, akiigusa sakafu kwa ncha ya kidole cha mguu.

Nikaenda madukani Changamwe. Kuna safu ya maduka kule ambayo nimekuwa nikiyapenda kwa siri, maduka yanayouza vyuma vya bei ya chini, vilivyomwagwa kwenye karai na ndoo nje ya mlango kama mboga. Koleo zenye mipini ya rangi ya chungwa inayobaki kiganjani. Futi za kupimia ambazo ukiziweka mbili pamoja zinatofautiana kwa upana wa ukucha. Misumeno myembamba inayotikisika ukiipunga, ikatoa sauti kama mtu anayetaka kulia akajizuia. Harufu ya grisi na ya maboksi yaliyokaa sana ndani ya kontena. Mtu akipita pale na shilingi kidogo hujiona fundi. Mimi nilijiona fundi, nikarudi na bisibisi ya halua.

"Kesho utarudi," mama akasema akifuta machozi ya kicheko. "Ukifika unipigie. Nitachagua mimi."

"Utachaguaje na uko huku?"

"Nimelala na seremala miaka thelathini. Wadhani nilikuwa nikifanya nini alipokuwa akizigonga nyundo zake kuzijaribu, nikiziba masikio?"

Duka nililoingia kesho yake lilikuwa la mzee mmoja wa kofia nyeupe iliyoshonwa kwa mkono, aliyeketi nyuma ya meza ya kioo akipanga skrubu kwa ukubwa. Msaidizi wake alikuwa mtu wa bara, mrefu, mchangamfu, aliyezungumza kama Nairobi haiko mbali. Nilimwamkia mzee, shikamoo, marahaba, kisha nikampigia mama na kuiweka simu karibu na karai la nyundo.

"Igonge kwenye chuma kizito," mama akasema. "Taratibu. Usiipige kama unaua nyoka."

Kando kulikuwa na jiriwa kubwa la kubania vyuma, limefungwa kwenye meza ya mbao. Nikaigonga nyundo ya kwanza juu yake.

"Hiyo imesema ko," mama akasema. "Kifuu cha nazi. Nyingine."

Msaidizi akaacha alichokuwa akifanya. "Siste, kwani mathe anataka kuimba nayo?"

"Yuko eda," nikamwambia. "Hawezi kuja mwenyewe."

Hakuelewa, lakini mzee alielewa. Aliinua kichwa, akasema polepole, "Mungu amrehemu marehemu. Zima hiyo redio." Msaidizi akaizima. Mzee akamweleza kwa sauti ya chini mambo ya eda, na yule bwana akasikiliza kwa heshima, kisha akaanza kunipa nyundo moja moja kama muuguzi anayempa daktari vyombo.

Ya pili ilisema ko. Ya tatu ilisema ko na kichwa kikacheza kwenye mpini. Ya nne mama alisita, akaomba irudiwe, akaikataa. Ya tano ilitoa mlio mwembamba uliokaa hewani kidogo kabla ya kufa.

"Hiyo," mama akasema. "Iweke kando. Sasa patasi."

Tukazijaribu patasi kwa kuzining'iniza kwa uzi na kuzigonga. Kwa bisibisi alinifundisha mtihani mwingine: nichukue tupa, niipitishe kwenye ncha. Tupa ikiteleza, chuma ni kigumu, nunua. Ikila, rudisha. Tupa ilikula bisibisi tatu.

"Bibiye," mzee akaniambia, "mamako akimaliza kuzipiga tupa hizi, mimi nitauza nini?"

"Asema wewe ndiye wa kulaumiwa kwa kuziuza," nikampelekea jibu la mama, maana mama, kwa ajili ya eda, hakutaka kusema na mzee moja kwa moja.

Mzee akacheka bila sauti, mabega tu. Akaitazama ile nyundo ya tano, akaigonga mwenyewe mara moja kwenye jiriwa, akasema, "Kulikuwa na seremala mmoja wa Jomvu Kuu akija kunitesa hivi hivi. Miaka mingi. Ataka karai zima limwagwe, agonge moja moja, achukue moja, aende zake."

Nilimuuliza alikuwaje. Akaeleza: mfupi, penseli nyuma ya sikio, akikohoa kabla ya kutaja bei anayotaka kulipa. Sikuhitaji zaidi.

"Ni baba," nikasema.

Mzee akafunika uso kwa kiganja, akakiteremsha. "Innalillahi. Sikupata habari."

Kwenye simu mama akasema, "Muulize. Vifaa vyake vyote alinunua hapo?"

Nikauliza.

"Vyote ninavyovijua mimi," mzee akasema. "Randa, patasi, misumeno. Hakuwa mtu wa kwenda maduka ya mjini."

"Aliniambia vyatoka Ujerumani," mama akasema.

Hakusema kwa hasira. Nyuma yake nikasikia kuku wa jirani. "Miaka thelathini," akasema. "Nikimfutia kwa mafuta ya nazi. Nikiwakataza watoto wasiviguse, vyatoka Ujerumani." Na hapo akacheka, akacheka hadi mzee naye akaisikia simu kutoka alipokaa, akainamisha macho kwenye skrubu zake kama mtu aliyeingia chumba cha watu bila kubisha.

Nilirudi na nyundo, patasi, bisibisi moja, randa ndogo, skrubu ndefu, gundi na komeo la chuma. Mzee alikataa kunitajia bei ya komeo. Msaidizi akanifunga mzigo kwa waya, akasema, "Mwambie mathe tumemsalimia. Na akiwa fiti akuje atufunze hii maneno ya masikio."

Kazi ilituchukua wiki tano, maana mimi nilikuja siku nilizoweza, na maana hatukujua. Tuliuondoa mlango, tukaulaza ukumbini, na kwa siku hizo tuliziba uwazi kwa shuka na meza, mimi nikalala pale. Mama alichonga vijiti vya mbao, akavipaka gundi, akavipigilia ndani ya mashimo yaliyooza mpaka skrubu ndefu zikapata pa kuuma. Nilipiga randa ukingo wa chini, na kila baada ya muda mama alisema, "Usikilize mkono, si macho," akanipokonya randa, akapiga mara mbili, akanirudishia. Vyuma vyetu vilikuwa vyuma vya bei ya chini, na vilitaka subira. Randa ilipoteza makali, tukainoa. Mpini wa nyundo ulilegea siku mbili baadaye, mama akautia kabari ya kijiti na kuuzamisha ndani ya kopo la maji usiku kucha, asubuhi ukakaza. Nilianza kuvipenda kama mtu anavyompenda ndugu mvivu ambaye, ukimwamsha kwa upole, hufanya kazi.

Komeo tulilitia mwisho. Mahali pazuri pa kulikaza palikuwa na boliti mbili zimetokeza ndani, za pete ya nje, ile ambayo zamani tulitia kufuli tukitoka.

"Hizi za nini?" mama akauliza. "Zatuzuia."

Tukazifungua. Pete ikaanguka nje kwenye mchanga. Tukaziba mashimo kwa vijiti na gundi, tukapiga msasa, na komeo likakaa juu yake likang'aa. Mlango ulifunguka kwa kidole kimoja. Mama aliufungua na kuufunga, akaufungua na kuufunga, kama mtoto mwenye kipepeo cha karatasi.

Eda ilikwisha siku ya Jumamosi. Mama alioga, akavaa leso mpya, akajifukiza udi, shangazi zangu wawili wakaja kumsomea dua wakaenda zao. Mjomba alifika baada ya adhuhuri. Pikapu ya kukodi aliiacha barabarani pamoja na mwenye nayo kwa sababu vijia vyetu ni vyembamba. Aliweka bega lake mlangoni, tayari kuusukuma kama zamani, na mama akaufungua wakati huohuo. Mjomba aliingia ndani mbio hatua tatu asizozitarajia, akashikilia ukuta.

"Salama, kaka?" mama akasema.

Mjomba aliugeukia mlango. Aliufungua, akaufunga. Alitia komeo, akalitikisa. Aliinama kutazama ukingo wa chini. Alikuwa mtu wa haki, na nikaona jinsi haki ilivyomsumbua.

"Nani alikufanyia?"

"Huyu na mimi."

"Umekaza vizuri." Akatoka nje, akavuta mlango, akasimama. Tulimsikia akipapasa mbao. "Nduyangu," akasema kutoka nje, "na ukitoka, waufungaje?"

Mimi na mama tulitazamana. Kwa miezi minne hakuna aliyetoka nyumba ile ikabaki tupu. Tuliutengeneza mlango kwa upande tulioishi, tukausahau ule mwingine kabisa.

Mjomba akaingia akicheka, akiwa na haki ya kucheka. "Mlango wa mtu asiyetoka," akasema. "Basi ni kama nilivyosema. Kusanya vitu, twende."

Mama akachukua buibui lake msumarini. "Ngoja hapa," akamwambia.

"Waenda wapi?"

"Changamwe. Kununua kitasa."

"Na gari lanisubiri?"

"Nyumba haiwezi kuachwa wazi, kaka. Wewe mwenyewe wasema. Kaa uilinde."

Akatoka. Mimi nikamfuata. Hatua zake za kwanza kwenye kijia zilikuwa fupi, akikinga macho kwa mkono, akiwaitikia majirani waliomwita madirishani. Kisha zikarefuka hata nikawa mimi wa nyuma.

Tuliporudi na kitasa jua lilikuwa limeinama, na mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Mama alibisha hodi nyumbani kwake mwenyewe mara tatu. Mjomba alikuja kufungua akiwa na fulana, alama za mkeka shavuni. Alikuwa amemruhusu mwenye pikapu aende.

Alikipokea kitasa, akakipindua, akaomba bisibisi. Hakuwa fundi, skrubu mbili alizitia mshazari, lakini tulimwacha. Alipomaliza alizungusha ufunguo mara kadhaa, akahesabu funguo tatu kwenye pete yao ya waya, akautoa mmoja.

"Huu niwe nao mimi," akasema. "Nikija kukutazama nisisumbue mtu."

Mama aliunyosha mkono wake, akauchukua ufunguo kutoka kiganjani mwake taratibu, akaurudisha kwenye waya.

"Utabisha hodi kama wengine," akasema. "Chai yako waitaka na tangawizi?"