Bomba Lililokoma Hatua Mbili Kabla ya Tangi

Inatangazwa kwa wananchi wote wa kisiwa hiki, kwa niaba ya Serikali yetu tukufu ya vyama viwili, kwamba maji yamefika katika wodi ya wazazi.

Yamefika kichwani kwa Shangazi, ndani ya ndoo.

Ni Jumapili asubuhi. Mfagizi huyu wa zahanati anavuka uwanja, shingo imekakamaa, gauni la kazi limelowa mgongoni. Anajaza beseni la mkunga, anageuka, anarudi kisimani.

Nyuma ya wodi kuna tangi jipya, lenye rangi ya chama kinachoshika Wizara ya Afya. Bomba limechimbiwa likakoma hatua mbili kabla ya kulifikia. Bomba ni la Wizara ya Maji, na wizara hiyo ni ya chama kingine. Waheshimiwa waligawana viti, wakatuachia kiu.

"Fundi alikuja, akaniambia, 'Mama, rangi hiyo siigusi, wataona nimehama chama,'" anasimulia Shangazi. "Nikamwambia, basi fumba macho uliunge bomba!"

Hacheki. Juzi mama mmoja alijifungua ndoo zikiwa tupu. Mkunga alinawa kwa maji ya kunywa ya mume wa mzazi.

"Nilitaka kulia, nikaona hata machozi yatahitajika," anasema. "Kile kichanga kina kadi ya chama gani? Waje waniambie! Wake zao wanajifungulia ng'ambo, watajuaje?"

Kesho yake simu ililia Wizara ya Maji. Sauti nzito ilijitambulisha kuwa katibu wa chama chenye Wizara ya Afya. "Msijisumbue," ilisema. "Jumamosi tunaliunga bomba wenyewe, na waandishi wa habari tumeshawaita."

Jumanne mchana fundi yuleyule alikuwa amepiga magoti chini ya tangi. Kumbe kinachosukuma maji hapa kwetu si pampu, ni wivu.

Sasa maji yanatoka, ila Shangazi amesimamishwa kazi. Wizara ya Afya imegundua kwamba simu ilipigwa kutoka ofisi ya zahanati, na mwenye ufunguo ni yeye.

"Nataka nirudi nikafagie tu, bila ndoo kichwani," anasema. Kisha ananikazia macho. "Hebu niambie, mwanangu. Mimi nina sauti nzito? Jumatatu nilipokuwa napiga deki wodini, nani nilimwacha ofisini?"

Waheshimiwa, ni mimi. Sauti ile niliipata bwenini, kwa kumwiga mwalimu wa zamu. Mrudisheni Shangazi kazini, mje mnikamate mimi.

Ila bomba msiling'oe.