Karatasi ya Masahihisho Niliyomficha Hawa

Jumatano, tarehe 14. Asubuhi manyunyu, kisha jua kali. Ndivyo ninavyoanza shajara yangu tangu nilipomaliza kidato cha nne, na sijui kuanza kwa namna nyingine. Admin, naomba unifiche jina. Nina miaka hamsini na nne. Ni mtu wa bara, Mkristo, lakini maisha yangu yote ya kazi yamepita hapa Kibiti. Nyumbani kwangu kuna amani. Asiyekuwa na amani ni mimi, kwa sababu ya mwanamke nitakayemwita Hawa, ingawa si jina lake.

Miaka ile ya soko huria, ofisi nyingi zilikuwa zinapunguza watu. Mimi na Hawa tulikuwa wapiga chapa wa ofisi moja. Yeye ni mzaliwa wa Maparoni, kule visiwani kwenye delta ya Rufiji, na kwa kuwa kabila lake na langu ni watani, hatukuwahi kusalimiana bila kutupiana maneno. Siku moja mkuu wetu alituita. Akasema kompyuta inakuja, mashine za taipu zinaondoka, na atabaki mmoja: atakayepata alama za juu katika mtihani wa cheti cha kuandika programu, Dar es Salaam. Alitupa miezi mitatu.

Kompyuta yenyewe hatukuwa nayo. Tulichokuwa nacho ni kitabu kimoja cha mwongozo wa mtihani, kilichotolewa kopi, maswali mbele na majibu nyuma. Tulisomea barazani kwa Hawa kila tukitoka kazini. Alipanga vikombe vitatu vya kahawa, akaviandika A, B na C kwa chaki, na korosho ndizo zilikuwa tarakimu. Mimi nasoma amri, yeye anahamisha korosho.

"Mashine ina njaa leo," alikuwa akisema, halafu anakula moja. "Andika: hitilafu!"

Sikuwahi kucheka na mtu kama nilivyocheka na yule.

Wiki mbili kabla ya mtihani, bahasha kutoka kwa wenye mtihani ilifika kwenye sanduku langu la posta, ambalo sote wawili tulilitumia kujiandikisha. Ndani mlikuwa na karatasi moja ya masahihisho: majibu ya sura ya saba hadi ya tisa, zile za amri zinazojirudia, yalichapwa vibaya, na haya hapa ndiyo sahihi. Niliisoma nikiwa nimesimama. Nilikuwa na mama mgonjwa na wadogo zangu wawili shuleni, wote wakinitegemea. Nikaikunja, nikaiweka ndani ya shajara. Siku ile niliandika hali ya hewa tu.

Lakini hilo silo linaloniamsha usiku. Jioni iliyofuata Hawa alifika sura ya nane, akahamisha korosho zake, akakunja uso.

"Shoga, B inabaki na nne. Kitabu kinasema tano."

"Hesabu tena."

Akahesabu taratibu, kidole juu ya kila korosho. "Nne. Nne, si tano. Au kitabu kimekosea?"

Nikamwambia, "Kitabu kimeandikwa na wasomi, Hawa. Wewe wa Maparoni ndiye wa kukisahihisha? Amini kitabu."

Akacheka, akaongeza korosho ya tano kwenye kikombe kwa mkono wake mwenyewe. Akakariri hivyo, sura zote tatu.

Nilifaulu, yeye akafeli. Siku ya kukusanya vitu vyake alinikumbatia: "Hongera, mtani. Kichwa changu ni cha kupanda mpunga." Akarudi Maparoni, na mpunga ndio alioupanda.

Nilijaribu kusema mara moja. Mama yake alipofariki nilikwenda msibani kama mtani, na mnajua kazi ya mtani msibani ni kuwachekesha wafiwa. Nikajipa moyo. Nikasimama katikati ya wanawake, nikasema, "Huyu Hawa nilimfelisha mimi! Majibu ya kweli nilikuwa nayo, nikayaficha!" Machozi yalikuwa yananitoka. Wanawake walikufa kwa kicheko. Hawa mwenyewe alijifuta macho kwa upande wa khanga, akasema, "Mtani wewe, hata kufeli kwangu unataka sifa!" Nikakaa chini. Sijui hadi leo kama hakuelewa, au alielewa akanisitiri mbele za watu.

Juzi alinipigia simu. Binti yake wa mwisho amechaguliwa chuo kikuu, masomo ya kompyuta, naye anakataa. Nikaomba niongee naye.

"Mama mkubwa," akaniambia, "mimi nakwenda kuaibika tu. Mama alisoma kitabu kizima mpaka akakikariri, akafeli. Kwetu hatuna kichwa cha hayo mambo. Mama mwenyewe anasema."

Nikasikia Hawa nyuma yake: "Mwambie, mtani, wewe unayekijua kichwa changu!"

Nilikata simu, nikasingizia mtandao.

Mwisho wa kuthibitisha nafasi ni keshokutwa, Ijumaa. Karatasi ile bado ninayo. Nikinyamaza, yule mtoto ataikosa nafasi yake kwa uongo wangu. Nikisema, Hawa atajua kwamba siku ile barazani alikuwa sahihi, na kwamba miaka yote hii amejidharau bure, tena kwa mdomo wangu mimi anayeniita shoga. Kumtia moyo binti bila kusema kweli nimejaribu leo mchana kwa ujumbe. Amejibu, "Asante mama mkubwa, lakini wewe ulifaulu."

Ndugu zangu, msinihurumie, nishaurini. Nimwambie Hawa kwanza au binti? Kwa simu, au kesho nipande boti nikamwangalie usoni? Nifanye nini?

Nimezima taa saa nane kasorobo.