Fundi na mashine iliyofichwa Lundo

Jamani, leo fundi wa umeme wa jua kaja kwetu Lundo kusaka mashine iliyofichwa!

Anasema hizi mita mpya zinamwonyesha kwenye simu: kila Jumamosi jioni matumizi yanapanda ghafla, betri zinalemewa, kijiji kizima giza. Hata friza za samaki zinazima.

Akamwuliza shangazi yangu: "Shikamoo mama. Nani anakoboa mahindi kwa siri?"

Shangazi alicheka mpaka akashika kiuno. Akamwonyesha kamba uani: majoho ya kwaya, bado yanachuruzika maji.

"Marahaba. Mashine ndiyo hiyo. Kesho ibada, kwa hiyo jioni kila nyumba inapiga pasi."

Kumbe!

Fundi akafurahi, akadhani kamaliza kazi.

"Basi pigeni pasi mchana, jua likiwa kali. Umeme unakuwa mwingi, hauna mtumiaji."

Shangazi akamtazama kwa huruma.

"Mwanangu, jua likiwa kali si ndipo linapokausha majoho?"

Fundi akaangalia simu. Akaangalia kamba. Mimi nimebana kicheko.

Hivi nyie wenzangu wa Mbinga mjini, mnapiga pasi saa ngapi?

Mjibu haraka. Fundi bado amekaa hapa uani, anasubiri majoho yakauke.