Siku Kumi na Nne Bila Sauti

Aliitwa Tarumbeta tangu siku aliyozaliwa, kwa sababu mkunga aliapa hajawahi kusikia mtoto akilia vile, na wagonjwa wa wodi ya pili walituma mtu aje aulize kuna nini. Alipofikisha miaka kumi na sita, jina lilikuwa limemkaa kama ngozi. Kwenye kwaya ya shule yeye ndiye aliyeanzisha kila wimbo. Kwenye harusi za ndugu hakuhitaji kipaza sauti. Nyumbani, mama yake akiwa ameinamia cherehani chumba cha mbele, Tarumbeta aliwaimbia wateja waliokuwa wakisubiri kupimwa, na wengine walisahau walikuja kushonesha nini.

Kwa hiyo barua ilipokuja kwamba amechaguliwa kwenda kambi ya likizo ya michezo ya jukwaani ya kuimba, wiki mbili nzima, na mwisho onyesho mbele ya watu mia nne, hakuna aliyeshangaa. Shangazi yake alikwishawatangazia majirani kwamba mtoto anakwenda kuwa mwimbaji mkuu.

"Wakikuuliza kama kuna wimbo usioujua," shangazi alimwambia wakifunga sanduku, "waambie waanze tu, wewe utamalizia."

Akaondoka hivyo, kifua mbele.

Mshtuko wa kwanza ulimpata saa kumi na mbili asubuhi. Kengele iligongwa mlangoni mwa bweni, na watoto arobaini wakatolewa uwanjani kukimbia, kuchuchumaa, kutambaa na kubiringika kwenye nyasi zenye umande. Mwalimu wa dansi, mwanamke mfupi asiyecheka, aliwahesabia mpaka mapaja yakawaka moto. Tarumbeta alidhani wanaadhibiwa. Akamgeukia msichana aliyekuwa kando yake, akamuuliza kwa kuhema, "Tumekosa nini?"

"Hatujakosa kitu. Hapa tunapasha misuli tu," yule alimjibu. "Dansi yenyewe bado."

Mshtuko wa pili ulikuja baada ya chai, walipoitwa ukumbini kuimba mmoja mmoja. Mvulana mwembamba wa miwani, ambaye ungedhani kaja kurekebisha taa, aliimba mpaka Tarumbeta akasisimkwa mwili. Wakafuata pacha wawili, sauti zao zimeshikana kama nyuzi za kamba. Akafuata mwingine, na mwingine. Kila mmoja alikuwa tarumbeta wa kwao. Zamu yake ilipofika alivuta pumzi, akaamua kuwafunika wote, akaimba kwa nguvu alizokuwa nazo na ambazo hakuwa nazo. Wenzake walipiga makofi. Mwalimu wa sauti hakupiga.

Huyo mwalimu wa sauti alikuwa mzee wa mvi, miwani yake inaning'inia kifuani kwa uzi. Alisogea mpaka karibu.

"Imba tena, mwanangu. Taratibu sasa, kama unambembeleza mtoto."

Tarumbeta alijaribu. Ikatoka hewa tupu. Akajaribu tena, sauti ikaanza, ikakwaruza, ikakatika katikati.

"Imeanza kukatika hivi tangu lini?"

"Haikatiki, mwalimu. Ni vumbi la safari."

"Asubuhi ukiamka, koo linakuwaje?"

Ilikuwa miezi minne sasa akiamka na koo limekaza, anakunywa maji ya moto kabla mtu hajamwona, anaendelea.

Siku iliyofuata matroni wa kambi alimpeleka kwa daktari wa koo. Daktari alimpitishia puani mrija mwembamba wenye kamera, akamwonyesha kwenye skrini: nyuzi mbili za sauti, na juu yake vivimbe viwili vidogo kama punje za mtama.

"Hivi vimetokana na kupaza sauti bila kupumzika," daktari alisema. "Kwa wiki mbili huimbi, husemi, hunong'oni. Hata kunong'ona kunazichosha. Tukicheza na hili, tutafika kwenye kisu."

Amekuja kambi ya kuimba, na sasa amekatazwa hata kusema asante!

Jioni aliandika kwenye daftari, na matroni akampigia mama yake simu, akamsomea: "Mama, naomba uje unichukue."

"Kwa nini hasemi mwenyewe?" Sauti ya mama ilisikika mpaka nje ya ofisi. "Mmemfanya nini mwanangu? Nakuja Jumamosi, na nikifika nitamtaka huyo aliyemfunga mdomo!"

Kabla ya Jumamosi kufika, mwongozaji wa mchezo, kijana mrefu aliyezunguka kambi nzima na malapa, alimfuata Tarumbeta bwawani alikokuwa amejiinamia. Mchezo wao ulihusu familia inayohama nyumba waliyoishi miaka mingi. Kila mtu anaimba, isipokuwa mama wa nyumba. Huyo yuko jukwaani mwanzo mpaka mwisho na hasemi neno.

"Kila ninayempa nafasi hii anaikataa," mwongozaji alisema. "Afadhali wewe, huwezi hata kuikataa."

Tarumbeta alicheka bila kutoa sauti, kwa mara ya kwanza tangu afike. Akaandika: *Nitafanya nini pale?*

"Utasikiliza."

Siku mbili alivurunda. Alirusha mikono, alikunja uso, alikodoa macho ili watu wa nyuma wamwone.

"Unapiga kelele," mwongozaji akamwambia.

Tarumbeta alipigwa na butwaa. Kelele! Yeye ambaye hajatoa hata kikohozi! Alirudi bwenini amenuna, akalala chali akitazama dari, akajiuliza ni nani anayemjua ambaye hukaa kimya watu wengine wakipiga kelele. Hakuhitaji kufika mbali.

Jumamosi, katikati ya mazoezi, mlango wa ukumbi ulifunguliwa na mama yake akaingia, mkoba kwapani, uso umeiva kwa hasira. Tarumbeta alimwona kutoka jukwaani lakini hakusimama. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, pini midomoni, anapindua upindo wa pazia la nyumba inayohamwa, na wenzake wanaimba kumzunguka. Alinyoosha kitambaa pajani kwa kiganja, mara mbili. Akajishika mgongo, chini kidogo ya mabega. Akafumba macho kidogo, kama mtu anayeiba usingizi, akayafumbua mtu alipompita.

Wimbo ulipoisha, mama alitembea katikati ya viti mpaka mbele. Hasira yote ilikuwa imemtoka usoni.

"Hivi ndivyo unavyoniona?"

Tarumbeta alishika daftari, akaliweka chini. Akatikisa kichwa kukubali.

"Nimechoka namna hii?"

Akatikisa tena, na machozi yakamdondoka kwenye pazia.

Mama aliketi kwenye ngazi ya jukwaa, mkoba mapajani. Maneno aliyoyapanga njia nzima yalikuwa yameyeyuka. Kisha akainuka.

"Kwanza, pini hazikai katikati ya midomo," alisema. "Zinakaa pembeni, ili ukiitwa uweze kujibu 'mm'. Na mgongo hauumi huko juu. Unauma hapa." Akapanda jukwaani, akamwekea mkono mahali penyewe. "Hapa. Sasa inuka tena."

Mwongozaji alitafuta kalamu haraka, akawa anaandika.

Mama alipoondoka, sanduku la Tarumbeta lilibaki bwenini. "Nilikuja kukuchukua," mama alimwambia getini. "Kaa. Ila wakikusemesha, nisisikie umejibu."

Siku ya onyesho shangazi alikuja na majirani sita, wakakaa safu ya tatu. Kila wimbo ulipoanza alimgusa mama kwa kiwiko: "Bado tu? Anaimba saa ngapi?" Mwishoni nyumba ilibaki tupu jukwaani, wote wamekwishatoka, na yule mama wa nyumba amesimama peke yake. Alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. Akafungua mdomo kama atasema. Akaufunga, akatoka.

Watu mia nne hawakupumua. Tarumbeta, nyuma ya pazia, alishikwa na woga, kwa maana maisha yake yote alizoea makofi, na hakujua kwamba watu wanaweza kunyamaza kwa ajili yake. Akadhani ameharibu. Makofi yalipolipuka aliruka kama mtu aliyemwagiwa maji. Shangazi alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

Daktari alimruhusu kuzungumza siku ya kumi na tano. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, nzito kidogo, na baba yake aliyekuwa akimsikiliza kwenye simu aliuliza anaongea na nani. Akapewa dakika kumi za kuimba kwa siku, na mdogo wake akajipa kazi ya kushika saa. Kwaya ilipomrudisha baada ya miezi minne, aliwekwa safu ya nyuma, sauti ya pili. Shangazi ndiye aliyelia.

Likizo iliyofuata alirudi kambini. Kivimbe kimoja kilikuwa kimekwisha, kingine kimebaki kama alama. Alisimama ukumbini akaimba wimbo mfupi, chini chini, mpaka mwisho, na haukukatika. Mwalimu wa sauti alivaa miwani yake, akaandika kitu kwenye karatasi, akamwita anayefuata.