Kaka kachagua grenda, kaniachia jiliwa

Leo kaka yangu kalia kwenye simu, mimi nikacheka.

Asubuhi tuligawana vifaa vya marehemu baba. Alikuwa akichonga navyo vipuri vya matrekta hapa nyumbani Mogitu tangu mashamba ya ngano yakiwa ya serikali.

Kwetu mkubwa huchagua kwanza, na akishagusa harudishi.

Kaka akakumbatia grenda ya kukatia chuma na mashine ya kuchomelea, eti vinang'aa. Jiliwa la kubania chuma na tupa ya kusugulia akanisukumia kwa mguu.

"Vyuma chakavu vyako hivyo."

Mama akacheka. Jamani, mama!

Jioni kaka kapiga simu kutoka kwake Getanuwas. Umeme haujafika huko, mashine zake haziwaki.

"Mdogo wangu, tubadilishane."

"Shikamoo kaka. Ulishagusa."

Mama kanibembeleza. Nikamuuliza mbona sasa hacheki.

Wenye huruma, mpelekeeni umeme.